Deni la 1979: Chuo Kikuu cha Nairobi ni Mali ya Nani?



Tunaandika juu ya deni. Si deni la benki wala la duka la mbolea. Ni deni ambalo watu wa Gusii wanadaiwa na chuo kilicho umbali wa zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao, na ambalo halijapata kuandikwa katika daftari lolote la serikali.

Mnamo Oktoba 1979 nchi ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Rais Daniel arap Moi. KANU, chama pekee kilichosalia tangu KPU ipigwe marufuku mwaka 1969, kiliwazuia baadhi ya wananchi kugombea. Miongoni mwao alikuwa Jaramogi Oginga Odinga. Miongoni mwao pia alikuwa George Moseti Anyona, mwana wa Nyamira, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kitutu Mashariki mwaka 1974, akatiwa kizuizini mwaka 1977 na kuachiliwa Desemba 1978. Walioinuka kumtetea ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliandamana, chuo kikafungwa, na baadhi ya viongozi wao wakafukuzwa masomoni.

Wengi wa vijana hao hawakuwa wa Gusii. Hawakuwa na kura Kitutu, hawakuwa na shamba Nyamira, wala hawakutarajia kulipwa na mtu. Walielewa jambo moja tu: mpiga kura wa Nyamira akinyang'anywa chaguo lake, basi wa Kitui, wa Busia na wa Lamu amekwisha kunyang'anywa pia. Kwa ajili ya haki ya mkulima ambaye hawakuwahi kumwona, walihatarisha shahada zao.

Deni la namna hii halilipwi kwa hotuba za mazishi. Hulipwa kwa kukilinda kile kilichotulinda. Nasi tunasema wazi: Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vyote vya umma vilivyozaliwa kwa mfano wake, kimo katika hatari ya kurudishwa mikononi mwa watawala, safari hii si kwa rungu na hewa ya kutoa machozi peke yake, bali kwa barua za uteuzi, kwa kura ya wajumbe na kwa hesabu ya karo. Mali ya umma hubaki mali ya umma pale tu wananchi wanapokuwa na kauli juu ya mambo matatu: nani anayekiongoza chuo, nani anayeruhusiwa kusema ndani yake, na nani anayeingia mlangoni. Uongozi, sauti na mlango. Tuyachunguze yote matatu.

Historia kwanza, kwa maana asiyejua alikotoka huuziwa njia ya kurudi huko huko.

Chuo hiki kilianza kama Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Afrika Mashariki, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1951 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Jumuiya ya Wahindi iliyokuwa imechanga fedha ili kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi iliunganisha mpango wake na huo, na ndiyo sababu sanamu ya Gandhi ingali imesimama katika uwanja wa chuo. Mwaka 1961 kilifanywa chuo kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, mwaka 1964 kikaitwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili, chenye kutoa shahada zake chenyewe. Tangu uhuru kililelewa kwa kodi ya mwananchi: kodi ya mkulima wa kahawa, wa pareto na wa majani chai, na ya mchonga mawe wa Tabaka. Hakuna mtawala aliyekijenga kutoka mfukoni mwake.

Hata hivyo kilizaliwa na kilema. Mkuu wa nchi alifanywa kuwa Chansela wa chuo. Mzee Jomo Kenyatta alikishika cheo hicho tangu 1970, kisha kikaingia mikononi mwa Moi, na vyuo vingine vya umma vilipoanzishwa, Chansela alikuwa yule yule. Mtu mmoja aliamuru jeshi, polisi na chama, kisha akavaa joho na kuwatunukia vijana shahada. Aliyesema ovyo darasani alikuwa amemkosea Chansela, na aliyemkosea Chansela alikuwa amemkosea Rais.

Waumini wanaijua habari ya Nabothi. Shamba lake la mizabibu lilikuwa karibu na jumba la mfalme Ahabu, na huo ndio uliokuwa mkosi wake. Mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi yamejipanga kando ya barabara iendayo Ikulu. Ahabu alilitaka shamba kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Nabothi alilikataa dau lake kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Na tukumbuke vilevile jinsi urithi huo ulivyotwaliwa. Haikuwa kwa vita. Ilikuwa kwa barua zilizoandikwa kwa jina la mfalme na kutiwa muhuri wake, na kwa mashahidi wa kukodiwa.

Lakini ndani ya kuta hizo vijana walijijengea maisha ambayo watawala hawakuyaagiza. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliitaka Idara ya Kiingereza iondolewe katika cheo chake cha juu na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Katika miaka ya 1970 wanafunzi walizunguka nchini na michezo yao ya kuigiza, wakiwachezea wananchi bila kiingilio. Na palikuwa na kamukunji, mkutano wa hadhara wa wanafunzi, uliopewa jina la uwanja ule wa Nairobi ambao wapigania uhuru waliuzoea. Kwenye kamukunji hapakuwa na kiti cha mgeni wa heshima. Mtoto wa waziri na mtoto wa mchuma majani chai walisimama juu ya nyasi moja, na hoja ndiyo iliyokuwa na cheo. Huko ndiko mawakili wengi, walimu wengi na wachungaji kadhaa wa nchi hii walikojifunza kwamba mkubwa anaweza kuulizwa swali.

Kwa hiyo kamukunji ilipigwa vita. Januari 1969 serikali ilimzuia Odinga kuwahutubia wanafunzi. Walipogoma, chuo kikafungwa. Machi 1975 J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa, wanafunzi wakaandamana, na miaka iliyofuata wakawa wakiikumbuka siku hiyo huku polisi wakiwangojea. Desemba 1977 Ngũgĩ alitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1979 ikawa zamu ya kumtetea Anyona na Odinga. Mwaka 1980 chama cha wahadhiri kilifutwa.

Mwaka 1982 ulikuwa mchungu kuliko yote. Odinga na Anyona walipoonyesha nia ya kuunda chama cha pili, Anyona alitiwa tena kizuizini, na Juni mwaka huo Bunge likapitisha kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Katika majuma hayo hayo wahadhiri wa vyuo walikamatwa, miongoni mwao Willy Mutunga, mwalimu wa sheria, ambaye mwaka 2011 alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Jamhuri. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi cha SONU, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kosa la uchochezi. Hakurudi. Alifia gerezani mwaka 1988.

Wazee wetu wanakumbuka sura ya miaka hiyo vijijini. Kila chuo kilipofungwa, wanafunzi walirudishwa makwao na kuamriwa kuripoti kwa chifu. Kijana aliyekuwa akisoma sheria au udaktari alipanga foleni nje ya ofisi ya chifu kama mwizi wa kuku aliyeachiliwa kwa dhamana, ili tu aandikwe kwamba yuko. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwana akasome sasa aliona haya kupita sokoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha: kumfundisha mwanakijiji kwamba elimu ni hatari, na kwamba mwana mwema ni yule anyamazaye.

Na ninyi watu wa kanisa, msidhani kwamba ibada iliheshimiwa. Jumapili ya tarehe 10 Februari 1985, baada ya wenzao kufukuzwa, wanafunzi walikusanyika katika uwanja wa michezo wa chuo kwa mkutano wa maombi wa madhehebu mbalimbali. Polisi wa kutuliza ghasia waliwavamia. Walipigwa, walikanyagana, wengi walijeruhiwa, na damu ya mwanafunzi ilimwagika hadi kufa mahali pa sala. Novemba 1987 SONU ikapigwa marufuku na mwenyekiti wake, Wafula Buke, akafungwa. Julai 1990, siku chache baada ya Saba Saba, Anyona alikamatwa tena. Safari hii alisimama kizimbani pamoja na Njeru Kathangu na wasomi Edward Oyugi na Ngotho Kariuki, na mwaka 1991 wote wanne wakahukumiwa kifungo cha miaka saba. Mwanasiasa wa Nyamira na wanazuoni walishtakiwa katika kesi moja. Basi nani atatuambia kwamba habari za chuo si habari zetu?

Hatusemi kwamba hakuna kilichopatikana. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na mwaka uliofuata wapiga kura wa Kitutu Masaba wakamrudisha Anyona Bungeni. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki aliacha kuwa Chansela wa vyuo vya umma, na mwaka huo huo chama cha wahadhiri, UASU, kikasajiliwa baada ya wahadhiri kukinyimwa kwa miaka mingi na wengine kufutwa kazi kwa sababu ya mgomo wa 1993 na 1994. Katiba ya 2010 ikaweka uhuru wa kitaaluma katika Kifungu cha 33, haki ya kukusanyika na kuandamana katika Kifungu cha 37, na haki ya elimu katika Kifungu cha 43. Haya ni matunda halisi. Yalilipiwa.

Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Tuutazame uongozi. Rais alitoka mlangoni, Waziri akaingia dirishani. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilimpa Waziri wa Elimu uwezo wa kuteua wajumbe wa Baraza la chuo, na Baraza ndilo lenye kushika hazina, ajira na nidhamu. Januari 2020 tuliona maana yake. Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimteua Naibu Chansela. Waziri akaufuta uteuzi huo na kulivunja Baraza lenyewe. Ikabidi mahakama iingilie. Hatumtetei mtu yeyote katika ugomvi ule. Tunauliza swali la kisheria na la kawaida: ni chuo gani kitakachokuwa na uhuru wa kitaaluma ikiwa wakuu wake hulala bila kujua kama barua ya asubuhi itakuwa ya kuwathibitisha au ya kuwaondoa? Msomi anayeishi kwa hofu ya barua hafundishi ukweli. Hufundisha tahadhari.

Tuitazame sauti. Desemba 2016 Sheria ya Vyuo Vikuu ilifanyiwa marekebisho, na wanafunzi wakaondolewa haki ya kuwachagua viongozi wao moja kwa moja. Wakaambiwa wachague wajumbe watatu kutoka kila kundi la uchaguzi, na wajumbe hao ndio wawachague viongozi. SONU, jina lililonusurika marufuku ya Moi, ikatoweka Nairobi chini ya utaratibu huo, na chama kingine kikaundwa mahali pake.

Wajumbe! Sisi watu wa mageuzi tunalijua neno hilo. Mwaka 1988 tuliambiwa kwamba kura ya siri ni ghali na huleta fujo, basi wananchi wapange mlolongo nyuma ya wagombea. Tukaona milolongo mirefu ikishindwa na mifupi mchana kweupe. Walioulaani uovu huo tangu ulipotangazwa ni viongozi wa makanisa na mawakili. Leo kijana wa miaka 20, ambaye Katiba inamruhusu kumchagua Rais wa nchi, anaambiwa kwamba hana akili ya kutosha kumchagua mwenyekiti wa wanafunzi wenzake. Kumnunua mwanafunzi mmoja mmoja kati ya maelfu ni kazi ngumu. Kuwanunua wajumbe wachache katika chumba cha hoteli ni kazi ya jioni moja.

Watetezi wa utaratibu huo wana jibu, na haki inatutaka tulisikilize. Wanasema kwamba chaguzi za SONU zilikuwa zimejaa fujo na ukabila, kwamba wanasiasa walimwaga fedha, kwamba mali ya chuo iliharibiwa. Ni kweli: mwaka 2016 mali iliteketezwa chuoni baada ya uchaguzi wenye utata, na hakuna mpenda haki anayesifu moto. Lakini tazameni hoja hiyo inakotupeleka. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 uliwaua watu zaidi ya 1,100. Je, tuliondoa haki ya Wakenya kupiga kura? Tulitengeneza tume mpya, mahakama mpya na Katiba mpya. Dawa ya kura chafu ni kura safi. Mwenye nyumba iliyoingia panya hufuga paka, haichomi nyumba.

Tena fujo haikukoma kwa kuwanyima kura. Septemba 2017 polisi waliingia chuoni Nairobi na kuwapiga wanafunzi hadi mabwenini, kisha chuo kikafungwa, kama zamani. Na Juni 2024 vijana walipoinuka kuupinga Mswada wa Fedha, jijini Nairobi, mjini Kisii na kwingineko, hawakuongozwa na chama chochote cha wanafunzi. Kamukunji ilikuwa imehamia kwenye simu za mkononi. Tarehe 25 Juni watu waliuawa kwa risasi karibu na Bunge, na siku iliyofuata Rais akautupa mswada. Watawala wanalalamika kwamba vijana hao hawana kiongozi wa kuzungumza naye. Mtakataje mti kisha mlalamikie kukosa kivuli?

Sasa tuutazame mlango, kwa maana hapa ndipo kisu kinapougusa mfupa wa kila boma la Gusii. Katika miaka ya mwanzo serikali iligharimia masomo na malazi. Mwaka 1974 ulianzishwa mkopo. Mwaka 1991, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ukaja mpango wa kugawana gharama, na chakula kilichokuwa haki kikawa cha kulipia kwanza ndipo ule. Kwa miaka mingi karo ya masomo kwa mwanafunzi aliyepelekwa na serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Mwaka 1998 Nairobi ikafungua programu sambamba kwa wenye kulipa gharama nzima, na sisi wa rika hili tunakumbuka madarasa yaliyokuwa na watu wawili wenye alama zile zile na risiti tofauti. Vyuo vilizoea fedha hizo. Vikafungua matawi kila mji. Na wanafunzi wa kulipa walipopungua, madeni yakabaki.

Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya. Baadaye familia ziligawanywa katika makundi matano. Ile ya chini kabisa ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ile ya juu asilimia 40, na sehemu iliyobaki ikagawanywa kati ya ufadhili na mkopo. Piga hesabu ya kozi inayokadiriwa shilingi 200,000 kwa mwaka: asilimia 40 ni shilingi 80,000, yaani mara tano ya ile karo ya 16,000. Na nani aliyeamua familia ni ya kundi gani? Fomu iliyojazwa kwenye kompyuta, na majibu yaliyotoka humo humo.

Mtu wa Nyamira anajua kwamba utajiri wa boma hauonekani kwa fomu. Mzazi ana robo ekari ya majani chai, analipwa kidogo kila mwezi na kungoja bonasi mara moja kwa mwaka. Shamba hilo hilo linawatazamia ndugu watano. Kwenye karatasi ana shamba, ana zao la biashara, ana nyumba ya mabati. Mezani kwake mna ugali na mboga. Mashine haikuyaona hayo, na hakimu wa kumsikiliza alikuwa kilomita mia kadhaa kutoka kwake.

Wapo wanaouliza: je, mtoto wa tajiri alipe sawa na mtoto wa maskini? Hatujasema hivyo. Tunasema kwamba kipimo cha umaskini kiwekwe na sheria iliyojadiliwa na wananchi, kijulikane kwa kila mzazi, na kiweze kukatiwa rufaa mahali anapoweza kufika kwa nauli ya matatu. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuona mfumo ule kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu ya ubaguzi na kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufaa. Ni haki yake. Lakini fedha za kukata rufaa zilipatikana upesi, ilhali wahadhiri waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba 2025 wakidai malimbikizo ya mishahara ya makubaliano ya zamani.

Wengine watasema: haya ni ya Nairobi, sisi tuna chuo chetu. Ni kweli tuna Chuo Kikuu cha Kisii, nasi tunajivunia. Ardhi ile ilianza kama chuo cha walimu wa shule za msingi mwaka 1965, ikawa chuo cha walimu wa sekondari mwaka 1983, ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton kama tawi mwaka 1994, ikawa chuo kishiriki mwaka 2007, na tarehe 6 Februari 2013 ikapata hati ya chuo kikuu kamili. Lakini sheria inayoitawala ni ile ile ya Nairobi. Baraza lake huteuliwa kwa utaratibu ule ule. Kura ya wajumbe iliwafikia wanafunzi wake. Makundi matano yaliwapanga watoto wake. Ukuta wa Nairobi ukiwa na ufa, nyumba ya Kisii imejengwa kwa matofali hayo hayo.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, kwa mpango ule tuliouanza nao.

Juu ya uongozi: Sheria ya Vyuo Vikuu irekebishwe ili Baraza lisiwe kiti cha fadhila za Waziri. Nafasi zitangazwe, watahiniwa wahojiwe hadharani, wahadhiri, wafanyakazi, wanafunzi na wahitimu wawachague baadhi ya wajumbe wenyewe, na asiwepo mjumbe wa kuondolewa bila sababu iliyoandikwa na kusikilizwa.

Juu ya sauti: kura ya siri ya moja kwa moja irudishwe kwa kila mwanafunzi, ikisimamiwa na watu wasio na deni kwa wakuu wa chuo wala kwa wanasiasa. Kamukunji isihitaji ruhusa. Polisi wasiingie mabwenini bila amri ya mahakama. Mwanafunzi asifukuzwe kabla ya kusikilizwa, akiwa na mtu wa kumtetea.

Juu ya mlango: karo na kipimo cha uwezo wa familia viwekwe na Bunge baada ya wananchi kusikilizwa, na rufaa ya mzazi isikilizwe katika kaunti yake.

Tutayapataje? Si kwa kungoja. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Tunaziomba parokia, makanisa na vikundi vya mageuzi, kutoka Nyabururu hadi Nyanchwa, kutoka Keroka hadi Ogembo, vifanye kazi moja rahisi: kila kanisa liandike idadi ya vijana wake walioitwa chuo kikuu wakashindwa kwenda, na ya walioanza wakaacha kwa ajili ya karo. Majina yabaki kwa mchungaji. Hesabu iletwe hadharani. Kwa hesabu hiyo tutaandika ombi, na ombi likipuuzwa, mawakili wa Gusii wapo na mahakama zipo.

Neno moja la mwisho kwa wazee wa kanisa. Mtaletewa harambee. Mheshimiwa atakuja na msafara, atasimama madhabahuni na kutoa bahasha kwa ajili ya karo ya watoto watatu, na kwaya itaimba. Kabla ya kupiga makofi muulizeni, kwa adabu na mbele ya watu wote, alipiga kura gani Bungeni siku haki ya watoto elfu tatu ilipokuwa mezani. Anayechota kwa ndoo na kurudisha kwa kijiko hastahili wimbo. Sadaka ya kweli kwa mtoto wa Gusii ni sheria ambayo haitamlazimu kumshukuru mtu yeyote kwa kuingia mlango uliojengwa kwa kodi ya mama yake.